Kabla ya Kufuta

Kitufe cha N kiling'oka kabla sijainunua.
Pauni arobaini, duka la hisani, Dundee, mlima wa Hilltown,
na tangu siku hiyo kila "nyumbani" naiandika kwa ukucha.

Juzi ikaniletea ujumbe wa buluu,
wenye adabu kama barua ya mwenye nyumba:
kuanzia mwezi wa kumi hatutakulinda tena.
Mashine yako ni kongwe, mfumo mpya haitaubeba.
Nunua nyingine.

Nunua nyingine!
Kama kwamba mshahara wa kukesha na wazee wa watu
huota ukutani pamoja na ukungu.

Elspeth wa ghorofa ya chini,
aliyesokota juti hadi siku kiwanda kilipofungwa milango,
akasema, "Mashine haifi kwa sababu aliyeitengeneza ameichoka."
Akanipa flashi aliyoachiwa na mpwa wake,
ndogo kama jino la mtoto.
Ndani yake mfumo mwingine, wa bure,
nembo yake ndege asiyeruka, mkaazi wa barafu.
Nikasema: huyu tutaelewana.

Lakini usiache mbachao kwa msala upitao.
Katika mbacha wangu mna folda iitwayo Mpya 3,
na katika Mpya 3 ndimo ninamoishi:
risiti za saruji ya Korogwe,
geti likiwa bado halijapakwa rangi,
cheti changu cha kuhudumia wazee,
dakika nne za kaka yangu Sefu akigombana na fundi juu ya nondo,
na nyuma yao, bila kukusudia kurekodiwa,
baba anakohoa.
Baba hayupo. Kikohozi kipo.

Basi nikanunua diski ya pembeni, nikanakili usiku kucha,
mstari wa kijani ukitambaa kama konokono mwenye deni.
Alfajiri nikasema, tuanze.
"Umeifungua?" Elspeth akauliza.
Nini?
"Nakala yako. Gunia lililoshonwa mdomo,
utajuaje kama ni mchele au pumba?"

Tukapanda basi hadi maktaba.
Picha zikafunguka. Risiti zikafunguka.
Sefu hakufunguka.
Jina lipo, tarehe ipo, uzito: sifuri.

Sikusema kitu. Nilikunja koti, nikalikunjua.
Nyumbani nikanakili upya, mara mbili:
diski moja chini ya mto wangu,
ya pili ndani ya bati la biskuti la Elspeth,
kati ya sindano na vifungo visivyo na mashati.
Kisha maktaba tena. Na kikohozi kilipopasuka
kwenye visikizi vya umma, nilicheka kwa sauti
hadi mkutubi akaweka kidole mdomoni.

Hata hapo sikufuta.
Nilimkaribisha mgeni kupitia flashi tu, aketi bila kuvua viatu,
nione tabia zake.
Wi-Fi akaishika. Sauti akaitoa.
Printa ikamgomea, lakini hiyo humgomea kila mtu.
Nikachomeka chaja ukutani, maana betri yangu ni mwongo:
hukuambia asilimia sitini kisha huzirai.

Jumapili, saa nne usiku, likaja swali lenyewe:
Futa diski yote?
Elspeth anasinzia kwenye kiti, chai imepoa mapajani.
Nikagusa mto. Diski ipo.
Nikabonyeza.

Skrini nyeusi. Herufi nyeupe zikashuka, zikashuka,
theluji iliyokwenda shule.
Nilihesabu dakika kumi na nane kwa saa ya ukutani,
na katika hizo nilikuwa mtu asiye na folda.

Kisha rangi. Kisha ikaniuliza jina.
Feni, iliyokuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga, imetulia;
nasikia mvua dirishani, namsikia Elspeth akikoroma.
Nikairudisha Mpya 3, faili kwa faili,
nikaanza barua kwa Sefu: geti liwe la kijani, nondo nitatuma.

Kitufe cha N bado hakipo. Hilo si kazi ya mfumo.
Nikachongoa ukucha,
nikaendelea.